Moshi Penye Mdomo wa Oili: Namna ya Kutambua Ringi za Pistoni Zilizochakaa

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi, katika ile barabara itokayo Kitale na kuelekea Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Nchi ya huko ni kavu, jua ni kali, na baina ya mji na mji maji ni ya shida. Motokaa ikifa njiani saa saba ya mchana si jambo la kuudhi tu, bali ni jambo la hatari kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, kwa watoto, na kwa mzee ambaye chupa yake ya maji imekwisha. Kwa sababu hiyo madereva wa Turkana huiangalia sana hali ya injini, na jambo moja liwatialo hofu kuliko mengi ni kuona moshi ukitoka mahali pa kutilia oili.

Moshi huo ukionekana, neno la kwanza lisemwalo penye gereji ni kwamba ringi zimekwisha. Huenda neno hilo likawa la kweli. Lakini huenda pia likawa si la kweli, na mwenye gari akilikubali kwa haraka atatoa fedha za mbuzi wengi, injini itafunguliwa, ringi mpya zitatiwa, na moshi utabaki palepale. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Kabla ya kufungua injini yapo majaribio machache, mengi yao yasiyo na gharama kubwa, ambayo huonyesha kama ubaya uko kwenye ringi ama mahali pengine.

KAZI YA RINGI

Ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni haikazi kabisa katika silinda. Kama ingekaza, ingeshikamana nayo mara ipatapo joto. Basi nafasi ndogo iliyoachwa huzibwa na ringi. Pistoni nyingi za motokaa zina ringi 3. Mbili za juu huzuia nguvu ya moto isipite kwenda chini, na ya tatu hukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha ilikotoka. Ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, ili ijitanue yenyewe na kugusa ukuta wa silinda, ilibuniwa na John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, katika miaka ya 1850. Yeye aliitengeneza kwa ajili ya injini za mvuke, na injini za motokaa zikairithi baadaye.

Mafuta yanapowaka juu ya pistoni, gesi hutanuka na kusukuma kwa nguvu nyingi. Sehemu ndogo ya gesi hiyo hupenya kando ya ringi na kushuka katika sanduku la krenki, mahali ilipo oili. Yafaa ikumbukwe ya kuwa jambo hili hutokea hata katika injini mpya kabisa. Hakuna injini isiyopitisha gesi hata kidogo, na kwa ajili hiyo watengenezaji huweka kipumulio, yaani bomba la kuzitoa gesi hizo. Zamani bomba hilo lilitoa gesi nje hewani. Katika magari ya siku hizi huzirudisha kwenye njia ya hewa ili ziungue tena.

Kwa hiyo mvuke mwembamba penye mdomo wa oili, wakati injini ina joto, si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale gesi zinapozidi kiasi ambacho kipumulio chaweza kuondoa. Hapo oili huchafuka upesi, hupata joto kupita kiasi, na husukumwa nje kupitia sili na gasketi.

VUMBI NDILO ADUI

Ringi huchakaa kwa sababu nyingi: oili isiyobadilishwa kwa wakati, injini iliyochemka kwa kukosa maji, au umri tu. Lakini katika nchi ya Turkana adui mkubwa ni vumbi. Ijapokuwa lami imewekwa katika sehemu kubwa ya barabara kuu, magari mengi bado huiacha na kufuata njia za mchanga kwenda vijijini, na kuvuka mito ya msimu kama Kawalase karibu na Lodwar na Tarach penye Kakuma, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Chembe za mchanga huo ni ngumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Zikipita katika kichujio cha hewa kilichotoboka, au katika bomba la mpira lililolegea, huingia silindani na kusaga kama tupa.

Basi fundi mwenye akili, kabla ya kushika spana, huanza kwa kufungua bomba lililo baina ya kichujio cha hewa na injini, na kupitisha kidole ndani yake. Bomba hilo lapasa kuwa safi. Kidole kikitoka na vumbi, basi sababu imekwisha kujulikana, hata kama madhara hayajapimwa. Tena, mtu akitia ringi mpya na kuliacha bomba hilo lilivyo, ringi hizo nazo hazitadumu.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili za ringi zilizochakaa ni hizi: gari hupoteza nguvu, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima, oili hupungua bila kuonekana inapovuja, kijiti cha kupimia oili hujisukuma nje kidogo, oili huonekana ndani ya kichujio cha hewa, na moshi wa rangi ya buluu hutoka katika ekzosi.

Huo moshi wa ekzosi wataka kuangaliwa kwa makini. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta mengi au hewa chache. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto waweza kuwa maji yaingiayo silindani. Moshi wa buluu ndio wa oili, lakini si wa ringi peke yake. Ukitoka asubuhi injini iwashwapo, kisha ukakoma, yaelekea zaidi sili za vali zimekauka, na oili imekuwa ikidondoka usiku kucha. Kadhalika dereva atokaye Kitale na kuteremka kwa kupita Marich huondoa mguu wake kwenye mafuta kwa muda mrefu. Akifika chini na kukanyaga tena, wingu la buluu likatoka mara moja kisha likaisha, kosa laelekea kuwa la vali. Lakini moshi wa buluu utokao mfululizo kila injini ipewapo kazi nzito, huo ndio unaozielekea ringi.

MAJARIBIO BILA YA KUFUNGUA INJINI

La kwanza ni kuangalia kipumulio. Bomba lake lifunguliwe na kutazamwa kama limezibwa na matope ya oili na vumbi. Injini yenye ringi nzuri na kipumulio kilichozibwa hutoa moshi na kuvujisha oili kama injini iliyokwisha. Katika magari mengi ya petroli mna vali ndogo katika bomba hilo. Aghalabu ikitolewa na kutikiswa husikika ikigonga ndani. Isipogonga, imekwama. Kuisafisha au kuibadilisha ni kazi ndogo, nayo imeokoa injini ambazo zilikuwa karibu kufunguliwa bure.

La pili ni la kifuniko. Injini ikiwa na joto na ikizunguka polepole, kifuniko cha oili hufunguliwa, hugeuzwa juu chini, na kuwekwa juu ya tundu lake bila kukazwa. Kikitikisika kidogo, si neno. Kikirushwa, gesi ni nyingi. Lakini jaribio hili halitoshi kutoa hukumu, maana injini nyingine, hasa za dizeli, hukichezesha kifuniko ijapokuwa ni nzima. Tena, magari yenye turbo huweza kupitisha hewa ya turbo hadi katika sanduku la krenki, na mwenye gari akadhani ni ringi.

La tatu ndilo la maana zaidi, nalo ni kupima kompresheni kwa geji. Kwa injini ya petroli, kwanza injini hutiwa joto la kawaida, kisha plagi zote hutolewa. Umeme wa plagi na mafuta hukatwa, ili pasitokee moto kwa petroli itakayorushwa nje. Gari lisiwe katika gia, na mtu asivute sigara karibu. Betri iwe na nguvu ya kutosha, na mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini ili hewa iingie bila kizuizi. Geji hukazwa katika tundu la plagi, na starta huzungusha injini mara 5 au 6. Hesabu huandikwa, na kila silinda hupimwa kwa namna ileile.

Injini nyingi za petroli zilizo nzima huonyesha baina ya ratili 120 na 180 kwa inchi moja ya mraba, kipimo ambacho mafundi hukiita PSI. Kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye hesabu ya hakika. Lakini jambo kubwa kuliko hesabu ni usawa. Silinda iliyo chini kabisa isipungue robo tatu ya ile iliyo juu kabisa.

Tuseme silinda ya 1 imeonyesha 165, ya 2 imeonyesha 160, ya 3 imeonyesha 95, na ya 4 imeonyesha 165. Silinda ya 3 ni mgonjwa. Lakini ugonjwa wake ni wa ringi, au wa vali, au wa gasketi ya hedi? Geji peke yake haiwezi kujibu.

Hapo ndipo lifuatapo jaribio la nne. Oili safi kiasi cha kijiko kimoja cha chai hutiwa katika tundu la plagi ya silinda ya 3, injini huzungushwa kidogo ili oili ienee, kisha silinda hupimwa tena. Oili hiyo huziba kwa muda nafasi iliyo kando ya ringi, lakini haiwezi kuziba vali iliyoungua. Kwa hiyo hesabu ikipanda kutoka 95 kufika 140, upungufu umo katika ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki 95 au karibu na hapo, ringi hazina hatia. Fundi na atazame vali na gasketi. Tena, silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Jaribio hili la oili lisifanywe katika injini ya dizeli. Nafasi iliyo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili haikandamiziki. Ikizidi yaweza kupinda konrodi. Tena dizeli yataka geji yake yenyewe, kwa sababu huonyesha ratili 300, 400 au hata zaidi, na geji ya petroli itapasuka.

KUSIKILIZA HEWA

Kwa dizeli, na kwa yeyote atakaye hakika, lipo jaribio la tano. Pistoni huletwa juu kabisa wakati vali zote zimefungwa, kisha hewa ya kompresa huingizwa katika tundu la plagi au la nozeli. Hapo fundi husikiliza kwa masikio yake. Hewa ikivuma katika mdomo wa oili, inapita kando ya ringi. Ikivuma katika ekzosi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma penye kichujio cha hewa, ni vali ya kuingizia. Mapovu yakionekana katika rejeta, gasketi imepasuka. Yenye geji ya kupimia upotevu huonyesha pia kiasi: injini nzuri hupoteza chini ya sehemu 10 katika 100, na ikipoteza zaidi ya 20 yafaa kuchunguzwa. Jambo la kuangalia ni kwamba hewa hiyo yaweza kuizungusha injini kwa ghafula. Mikono ikae mbali na feni na mikanda.

KITALE NA LODWAR SI SAWA

Lipo jambo moja ambalo limewapoteza hata mafundi wazuri. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na Lodwar iko mita 500 hivi tu. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na silinda huvuta hewa chache zaidi. Injini ileile ionyeshayo 170 Lodwar itaonyesha kama 145 tu ikipimwa Kitale, bila ya kuwa na ubaya wowote. Basi mwenye gari akipimiwa Kitale na kuambiwa ya kuwa nguvu imepungua, na aulize kwanza silinda zote zilikuwa sawa au sivyo. Zikiwa zimepungua zote kwa kiasi kimoja, huenda ni mwinuko wa nchi tu. Hali kadhalika, hesabu nzuri iliyopatikana Lodwar isilinganishwe na ile iliyoandikwa mlimani mwaka uliopita.

PIKIPIKI NAZO

Mambo haya hayawahusu wenye motokaa peke yao. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makao ya Kalobeyei yakafuata baadaye. Leo pikipiki za bodaboda hupeleka abiria na mizigo baina ya mji, kambi na masoko kutwa nzima. Injini ya pikipiki kama hiyo ina silinda moja, na oili yake ni kama lita 1 tu. Ringi zikiwa zinapitisha, oili hiyo huisha upesi, na injini hushikamana. Pikipiki ni shamba la kijana huyo; ikifa, chakula cha nyumbani mwake hukatika siku ileile. Kwa hiyo kupima oili kila asubuhi, jambo la dakika moja, kunampasa kuliko hata mwenye motokaa. Jaribio la kijiko cha oili lafaa kwa pikipiki ya petroli pia, ila kwa silinda ndogo hiyo kijiko kisijazwe.

IKIONEKANA NI RINGI KWELI

Majaribio yakikubaliana kwamba ni ringi, bado si lazima kukata tamaa. Wakati mwingine ringi hazikuchakaa bali zimekwama katika mifereo yake kwa masizi ya oili iliyozeeka. Oili ikibadilishwa mapema mara mbili tatu, na dawa ya kusafishia ikitumiwa kwa kadiri iliyoandikwa, huenda zikalegea. Kama kompresheni haikupanda baada ya hapo, injini haina budi kufunguliwa.

Ikifunguliwa, ukuta wa silinda upimwe kabla ya ringi mpya kununuliwa. Silinda iliyochakaa huwa haina mviringo kamili, na juu huwa pana kuliko chini. Kutia ringi mpya katika silinda ya namna hiyo ni kama kutia kifuniko kipya katika chungu kilichopinda: moshi utarudi. Silinda hiyo yataka kuchongwa upya, na pistoni kubwa kidogo kutiwa. Mwenye gari anayo haki ya kuonyeshwa hesabu za kupimwa, kabla na baada ya kazi, zikiwa zimeandikwa katika karatasi.

Si kila gereji ya Turkana ina kompresa, lakini geji ya kompresheni ni kitu kidogo kinachoingia katika mfuko wa koti, na mafundi kadhaa waweza kuchanga fedha na kuinunua pamoja. Vijana wanaojifunza ufundi wa motokaa, na wale wanaojitayarisha kwa mtihani wa ufundi wa serikali, na wazoee kuitumia mapema. Fundi asemaye "ringi zimekwisha" kwa kutazama moshi tu anabahatisha kwa fedha za mtu mwingine. Fundi apimaye kwanza, hata akisema neno lilelile, anasema ajualo.

Na kwa mwenye gari, kazi iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya kila juma: kukaza vibano vya bomba la hewa, kutazama kichujio, kubadilisha oili kwa wakati. Kichujio cha karatasi kisioshwe kwa petroli wala kisipigwe juu ya jiwe; kikichakaa kitupwe, na kingine kitiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika njia ya Kakuma ukuta huo hujengwa juani, mbali na maji, abiria wakingoja.